Upasuaji wa Kukaza Tumbo: Mdogo au Kamili?

“Daktari, mimi nataka ule mdogo.” Kauli hii husikika mara nyingi katika kliniki za upasuaji wa urekebishaji, na aghalabu hutamkwa hata kabla mgonjwa hajaketi vizuri. Ameshasikia kwa shoga yake, au ameona picha katika simu, kwamba upasuaji wa kukaza tumbo ni wa namna mbili: kamili, wenye kovu refu na mapumziko ya wiki nyingi, na mdogo, wenye kovu fupi, gharama nafuu na kurudi kazini mapema. Akipewa hiari, nani asingechagua mdogo? Ila hiari hiyo, kwa kiasi kikubwa, haipo. Tumbo lenyewe ndilo linaloamua. Kazi ya daktari ni kulisoma kwa uangalifu, kisha kumweleza mwenye tumbo alichokisoma, hata kama sicho alichotaka kusikia.

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko wa majina, maana umewahi kumfikisha mtu katika kliniki isiyo yake. Upasuaji tunaouzungumzia haugusi mfuko wa chakula wala utumbo. Si ule wa kupunguza mfuko wa chakula ili mtu apungue uzito, wala si kuweka puto tumboni. Si kufyonza mafuta peke yake, ingawa ufyonzaji huweza kuambatana nao. Ni kuondoa ngozi iliyolegea pamoja na mafuta yaliyo chini yake, na panapohitajika, kuishona pamoja misuli ya ukuta wa tumbo iliyoachana. Mtu hatoki hapo akiwa amepungua uzito wa kutajika.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1899 daktari wa magonjwa ya wanawake Howard Kelly, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliandika juu ya mgonjwa aliyemwondolea zaidi ya kilo 7 za ngozi na mafuta ya tumbo. Hakuwa akitafuta urembo. Mwanamke huyo alikuwa akielemewa na mzigo. Mnamo mwaka 1967 Ivo Pitanguy wa Rio de Janeiro alichapisha uzoefu wake wa wagonjwa 300, na tangu hapo mkato wa chini, unaofichika ndani ya nguo ya ndani, ukawa jambo la kawaida. Upasuaji mdogo ulikuja baadaye, kwa ajili ya watu ambao mkato mrefu ulikuwa ni kuwaonea.

Ili kuelewa tofauti ya namna hizi mbili, sharti tuuangalie ukuta wa tumbo wenyewe. Katikati, kutoka ncha ya mfupa wa kidari hadi kinenani, hushuka misuli miwili iliyonyooka, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kati yao pana ukanda mweupe wa utando mgumu unaoiunganisha. Mimba inapokua, ukanda huo hutanuka na misuli huachana. Katika wiki za mwisho hali hiyo huwapata karibu wajawazito wote, wala si ugonjwa. Baada ya kujifungua misuli hurudi kukaribiana, kwa kasi zaidi katika miezi 2 ya mwanzo, kisha polepole kwa miezi kadhaa. Kwa baadhi ya wanawake nafasi hubaki. Ikizidi upana wa sentimita 2 hivi, yaani vidole 2, wataalamu wengi huihesabu kuwa misuli imeachana. Mwanamke huyo anaweza kuwa mwembamba mikono na miguu, lakini jioni tumbo hujitokeza mbele kiasi cha kuulizwa na abiria wenzake ndani ya daladala kama ana mimba ya miezi mingapi. Swali hilo huumiza kuliko wanaouliza wanavyodhani.

Bibi zetu wa pwani walimfunga mzazi mkaja, na mpaka leo wengi hufungwa kanga au mkanda. Sina ugomvi na mkaja. Huutegemeza mgongo, humpa mama nafuu ya kutembea na kukohoa, na humwambia kwamba kuna mtu anamtunza. Ila hauwezi kuishona misuli iliyoachana, na ukikazwa kupita kiasi humzuia kupumua vizuri na kuisukuma nyonga chini wakati ambapo nyonga imechoka. Mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia yana faida zaidi, na yapasa yatangulie kabla ya mtu kuuwazia upasuaji. Mazoezi hujenga misuli. Hayawezi kuirudisha ngozi ambayo nyuzi zake za kolajeni zimekatika. Ile michirizi ni alama ya kukatika huko, na hakuna mafuta ya kupaka yanayoiunga upya.

Kulisoma tumbo

Tumchukue, kwa mfano, mama wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto 3, wa mwisho akiwa amezaliwa kwa upasuaji miaka 2 iliyopita. Ndiye aliyesema anataka ule mdogo. Uchunguzi wake hauhitaji mashine yoyote ya fahari.

Asimame wima, daktari amtazame kwa mbele na kwa upande. Ainame mbele kidogo, mikono ikining’inia: ngozi iliyolegea itaanguka na kuonyesha wingi wake. Aketi, maana mikunjo iliyojificha akiwa amesimama hujitokeza akiwa ameketi. Kisha alale chali, ainue kichwa na mabega kidogo. Daktari aweke vidole katikati ya tumbo, juu ya kitovu, kitovuni penyewe na chini yake, na kupima vidole vingapi vinaingia kati ya misuli. Hapo ndipo ngiri ya kitovu hugunduliwa pia, na ni muhimu igunduliwe, kwa kuwa kisu kinachopita karibu na kitovu chenye ngiri isiyojulikana kinaweza kukutana na utumbo. Mwisho, ngozi ibanwe kwa vidole chini ya kitovu, halafu juu yake.

Jibu la swali letu limo katika kubana huko kwa mwisho. Ngozi iliyo juu ya kitovu imelegea au haikulegea? Ikiwa imelegea, au misuli imeachana mpaka karibu na kidari, upasuaji mdogo hauwezi kufika huko. Kwa mwalimu wetu, vidole 3 vinaingia juu ya kitovu, na ngozi ya hapo inakunjika kama kitambaa. Tumbo lake limekwisha kusema.

Upasuaji mdogo hufaa pale ambapo kasoro yote iko chini ya kitovu. Mkato hupita juu kidogo ya kinena, mara nyingi palepale penye kovu la kujifungua, ukiwa mrefu kuliko kovu hilo kidogo tu. Ngozi huinuliwa hadi kitovuni. Misuli ikiwa imeachana chini ya hapo, hushonwa. Kitovu huachwa mahali pake, au kwa njia mojawapo hukatwa shina lake kwa ndani na kushushwa sentimita 1 au 2. Kazi huchukua saa 1 hadi 2, wengi huweza kurejea kazi nyepesi baada ya wiki 1 au 2, na uvimbe hupungua mapema. Ni upasuaji mzuri sana kwa anayestahili. Wanaostahili ni wachache: mara nyingi ni mwanamke asiye na mafuta mengi, mwenye ngozi imara juu ya kitovu, anayesumbuliwa na kifuko kidogo kinachoning’inia juu ya kovu lake la upasuaji.

Upasuaji kamili ni kazi nyingine kabisa. Mkato hutoka karibu na nyonga moja hadi nyingine. Ngozi na mafuta huinuliwa kutoka juu ya misuli mpaka ukingo wa mbavu, huku kitovu kikikatwa pembeni na kuachwa kimesimama juu ya shina lake. Misuli hushonwa kwa uzi imara kuanzia kidari mpaka kinenani. Kisha ngozi yote huvutwa chini, ile ya ziada hukatwa, na tundu jipya hutobolewa ili kitovu kitokeze. Kwa hiyo kitovu hakihamishwi, kama wengi wanavyodhani. Ngozi ndiyo inayokipita. Huchukua saa 2 hadi 4 chini ya dawa ya usingizi. Aghalabu mgonjwa huamka na mirija ya kutoa majimaji, hutembea ameinama siku kadhaa ili asiuvute mshono, na huvaa mkanda maalumu kwa wiki 6 hivi.

Nini hutokea mtu akifanyiwa mdogo ilhali alihitaji kamili? Sehemu ya chini hukazika na kuwa bapa, na ile ya juu iliyolegea hubaki ilivyo, sasa ikionekana zaidi kwa sababu jirani yake amekazwa. Kitovu huvutwa chini kikawa kama mdomo ulionuna. Mgonjwa hulipia mara ya pili, hulazwa mara ya pili, na hubeba hatari za dawa ya usingizi mara ya pili. Nafuu ya bei imegeuka gharama. Wapo wanaouza upasuaji mdogo kwa kila ajaye, kwa kuwa bei yake huvutia na kovu lake hupendeza pichani. Mgonjwa aliyeambiwa bei kabla ya kuguswa tumbo ana haki ya kutilia shaka mahali alipo.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, nalo lipo. Ngozi ya juu ya kitovu isipokuwa na ulegevu wa kutosha, haifiki chini hata ikivutwa. Daktari aliyekwisha kukata atalazimika kuliacha kovu likae juu kuliko nguo ya ndani, au kuongeza kovu dogo la wima pale palipokuwa na tundu la kitovu, au kuifunga ngozi kwa nguvu. Hili la mwisho ndilo baya, kwa kuwa ngozi iliyofungwa kwa kuvutwa hukosa damu na hufa.

Kati ya namna hizi mbili zimo nyingine. Daktari Alan Matarasso wa New York aliyapanga matumbo katika makundi 4, kuanzia lile linalohitaji kufyonzwa mafuta tu mpaka lile linalohitaji upasuaji kamili, akiangalia ngozi, mafuta na misuli kila kimoja peke yake. Faida ya mpango huo ni kumkumbusha daktari kwamba anaangalia vitu 3, si kimoja. Waliopungua uzito mwingi sana huweza kuhitaji hata zaidi ya upasuaji kamili, pamoja na kovu la wima katikati ya tumbo.

Hatari ambazo ukubwa wa kovu hauonyeshi

Ngozi inapoinuliwa kutoka kwenye misuli, mishipa midogo ya damu iliyokuwa ikiilisha kutoka chini hukatwa. Hubaki ile inayotoka pembeni, kati ya mbavu. Ndiyo maana tunauliza juu ya sigara na shisha, na tunauliza tena: nikotini huibana mishipa hiyo michache iliyobaki. Asiyeweza kuacha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada ya upasuaji, bora asifanyiwe. Kovu la zamani la kutoa kibofu cha nyongo, lile la mshazari chini ya mbavu za kulia, nalo limekata baadhi ya mishipa hiyo, na mgonjwa alitaje hata kama ni la miaka 20 iliyopita.

Damu kuganda katika mishipa ya miguu na kusafiri mpaka mapafuni ndiko kunakotunyima usingizi. Miongoni mwa upasuaji wa urembo, huu wa kukaza tumbo kwa ukamilifu ni mmoja wa wenye hatari kubwa zaidi ya tatizo hilo. Kuishona misuli huongeza shinikizo ndani ya tumbo na kupunguza kasi ya damu inayorudi kutoka miguuni, na mgonjwa hulala akiogopa kujinyoosha. Uzito mkubwa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, historia ya kuganda damu katika ukoo na upasuaji mwingine uliofanywa siku hiyohiyo, vyote huongeza hatari. Kwa hiyo hupewa dawa ya kuzuia kuganda damu kwa kadiri ya hatari yake, na husimamishwa atembee siku ileile au kesho yake, hata akinung’unika.

Kuhusu kovu, ngozi zetu nyeusi huelekea zaidi kupata keloidi. Tumbo la chini halina tabia hiyo kama kifua au sikio, lakini aliyeota keloidi kwenye tundu la hereni au kwenye kovu la uzazi aseme mapema. Kovu la uzazi ndilo shahidi bora: lilivyopona hilo, ndivyo jipya litakavyoelekea kupona.

Wapo pia ambao jibu lao si mdogo wala kamili. Mwanamume wa makamo mwenye kitambi kigumu, ambacho ukikibana hushiki kitu, mafuta yake yako ndani, yamezunguka utumbo. Hakuna mkato wa ngozi utakaoyafikia. Vivyo hivyo kwa baadhi ya watu waliotumia kwa miaka mingi dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ambao mafuta yao yalihamia ndani ya tumbo. Kuishi na virusi hivyo si kizuizi cha upasuaji pale vinapodhibitiwa vizuri. Ila upasuaji huu hautatibu hilo tumbo. Anayeendelea kupungua uzito asubiri ukae imara kwa miezi 6 hivi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa kianze kudhibitiwa.

Kwenu mlioko zahanati

Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya ndiye mtu wa kwanza kuulizwa na wa mwisho kukimbiliwa, ingawa hatajwi katika matangazo. Mama akija analalamika kwamba tumbo limekuwa kubwa, mkono utangulie kabla ya ushauri. Fibroidi, uvimbe wa kifuko cha mayai, maji tumboni na mimba ambayo mwenyewe hajaigundua, vyote vimewahi kuitwa kitambi. Tumbo lililokua kwa miezi michache kwa mtu ambaye uso na mikono yake inakonda halipelekwi kwa daktari wa urembo. Lipelekwe kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti.

Baada ya upasuaji, mgonjwa aliyefanyiwa mjini au nje ya nchi hurudi kijijini, na kwako. Tumbo linalotikisika kama maji ndani ya mfuko wiki ya pili au ya tatu, bila homa wala maumivu makali, huenda ni majimaji yaliyokusanyika chini ya ngozi; hutolewa kwa sindano katika usafi kamili, na aliyefanya upasuaji ajulishwe. Ngozi inayogeuka nyeusi katikati, juu ya mshono, isikwanguliwe bila mpango. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla, ni rufaa ya saa hiyo, si ya kesho asubuhi. Na kidonda kinachotoa usaha wiki nyingi baadaye, kisichosikia antibiotiki za kawaida, kipelekwe kuoteshwa maabara, pamoja na kutafutwa jamii za bakteria zinazofanana na wa kifua kikuu. Katika miaka ya 2013 na 2014 Wamarekani waliokwenda kufanyiwa upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika, wakiwemo waliokazwa matumbo, walirudi kwao na maambukizi ya Mycobacterium abscessus, yaliyohitaji dawa za miezi kadhaa na kwa baadhi yao upasuaji mwingine.

Wanaosafiri kwenda ng’ambo kwa sababu ya bei waulizwe swali moja kabla ya kukata tiketi: ni nani atakayekutazama jeraha likifunguka ukiwa nyumbani? Safari ya ndege ya saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda. Siku 7 hadi 10 za kungoja baada ya upasuaji ndizo chache kabisa, na madaktari wengi huzitaka ziwe zaidi.

Turudi kwa mwalimu wetu. Alielezwa kwamba mdogo haumfai, akaonyeshwa kwa vidole vyake mwenyewe nafasi iliyo kati ya misuli. Swali lililofuata halikuwa la kovu. Aliulizwa kama amemaliza kuzaa. Akanyamaza, halafu akasema mume wangu angependa mmoja zaidi, na mimi sijakataa. Mimba baada ya upasuaji huu si hatari kwa mtoto, ila huitanua upya misuli iliyoshonwa na ngozi iliyokazwa, na kazi yote yaweza kwenda na maji. Aliulizwa pia nani atateka maji na nani atambeba mtoto wa miaka 2 katika wiki 6 ambazo yeye haruhusiwi kuinua ndoo. Likizo ya Juni haitoshi kwa wiki hizo 6, na bima nyingi hazilipii upasuaji wa aina hii, hivyo fedha ingetoka mfukoni mwake.

Akapewa barua ya kwenda fiziotherapia, na tarehe ya kurudi baada ya miezi 6. Alipofika mlangoni aligeuka. “Daktari, kumbe ule mdogo si mdogo wa ule mkubwa?” La, mama. Ni upasuaji mwingine, wa tumbo jingine.